Pua Chini, Mkia Juu

Mwezi wa tano jirani yangu aliniita uani kwake nikaione Toyota Hilux Vigo aliyokuwa ametoka kuinunua, dabo kabini nyeupe yenye injini ya lita 3.0. Alisimama ubavuni mwa gari, akachuchumaa, akafumba jicho moja kama seremala anayekagua ubao. "Kaka, hebu ona. Imeinama." Kweli ilikuwa imeinama: mbele chini, nyuma juu, kama kuku anayedonoa. Na tayari alishazungumza na fundi mmoja mjini. Fundi angeweka vipande viwili vya chuma juu ya shokapu za mbele, gari likae sawa, kisha angefunga tairi nne kubwa zenye meno, na pikapu ingeonekana ya kiume. Alichotaka kwangu ni baraka tu.

Swali lake linaulizwa kila siku katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam na za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na karibu kila mara linaulizwa kama swali moja: ninyanyue mbele, niweke na tairi kubwa? Kumbe ni maswali mawili. Yamezoea kuingia gereji yameshikana mikono, lakini kila moja lina faida yake na madhara yake, na mara nyingi jibu la moja ni ndiyo huku la jingine likiwa hapana.

Tuanze na huko kuinama. Hilux, kama zilivyo pikapu nyingi, mbele inakalia springi za koili na wishboni, kila tairi ikipanda na kushuka kivyake. Nyuma kuna ekseli moja ngumu inayobebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Huo mtambo wa nyuma umetengenezwa kwa kutarajia mzigo unaokaribia tani 1. Gari likiwa tupu, springi zimejikunja kidogo tu na mkia unabaki juu. Toyota hawakukosea vipimo. Mkia uliopanda ni nafasi iliyowekwa akiba, kama mtu anayelegeza mkanda kabla ya kusogelea sinia la pilau.

Nilimwomba jirani jambo moja kabla hajarudi kwa fundi. Achukue futi ya kupimia, aweke ncha katikati ya rimu, apime hadi ukingo wa madigadi, mbele na nyuma, aandike. Kipimo cha kuanzia ardhini kinadanganya, kwa sababu upepo wa tairi ukipungua kidogo tu namba inabadilika. Kutoka katikati ya rimu unapima springi zenyewe. Gari tupu lilitoa sentimita 49 mbele na 54 nyuma. Kazi ya gari hilo ni viazi. Anavifuata Njombe, anavipakia, anateremka navyo Morogoro. Wiki iliyofuata, akiwa na magunia 8 ya lumbesa na turubai limefungwa, alipima tena. Mbele ilibaki 49 na nukta kidogo. Nyuma ilikuwa 45.

Basi ule mwinuko uliomkera ulikuwa umekwisha wenyewe, na mkia umeshuka kuipita pua. Sasa fikiria fundi angekuwa ameshanyanyua mbele kwa sentimita 5. Gari tupu lingekaa sawa kama meza, picha ingependeza. Lenye viazi lingesoma 54 mbele na 45 nyuma, pua hewani kama mashua iliyopakiwa vibaya.

Huko Marekani, katika majimbo ya Carolina, kuna vijana wanaofanya hivyo makusudi: wananyanyua pua ya pikapu na kuushusha mkia hadi dereva anaiona barabara kwa shida. North Carolina walichoka. Tangu Desemba 1, 2021 sheria yao inakataza gari lililorekebishwa kiasi kwamba madigadi ya mbele imeizidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi. Inchi 4 ni sentimita 10 na kidogo. Jirani yangu angekuwa na tofauti ya sentimita 9, bila kukusudia, kila safari ya viazi.

Madhara ya kwanza ya pua kupanda yanampata mtu usiyemjua, yule anayekuja mbele yako usiku. Umbali kati ya ekseli mbili za Vigo ya dabo kabini ni milimita 3,085. Ukiinua mbele kwa milimita 50, taa zinaelekea juu kwa karibu digrii moja. Inasikika ndogo. Lakini taa za chini hupangwa ziangalie chini kwa takriban asilimia moja, yaani kwa umbali wa mita 50 mwanga uwe umeshuka nusu mita. Baada ya kunyanyua, kwa umbali huohuo, mwanga umepanda sentimita 80 kutoka pale ulipokuwa. Taa yako ya chini imekuwa inaangalia juu. Ukiongeza viazi vya kuushusha mkia sentimita 9 nyingine, mwanga unapanda zaidi ya mita 2, sawasawa na macho ya dereva wa lori aliyekaa juu kabisa. Anakuwashia ful, unamtukana, hujui kwamba mwenye kosa ni wewe. Skrubu ya kurekebisha taa ipo, na Hilux nyingi zina kidude cha kushusha taa kwenye dashibodi. Sijawahi kumwona fundi wa kunyanyua magari akimkumbusha mteja habari ya taa.

Kuhusu hivyo vipande vya chuma vyenyewe naweza kusema kwa uchungu kidogo, maana 2019 nilifungiwa vya kwangu. Nilikuwa na gari la aina hiyohiyo, na gereji niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ilifanya kazi nusu siku. Kipande chenyewe ni kidogo, unene wa milimita 25. Kwa kuwa shokapu imeshikwa karibu na katikati ya wishboni ya chini, milimita 25 juu ya shokapu zinakuwa karibu 50 kwenye tairi. Ndiyo maana kazi ni rahisi na bei ni ndogo: hakuna springi mpya, hakuna shokapu mpya, unapata kimo cha bure.

Hakikuwa cha bure. Shokapu na springi ni zilezile, ila zimesogezwa chini, na wishboni sasa inaning'inia kuliko ilivyokusudiwa. Shafti inayotoa nguvu kwenye difu ya mbele kupeleka kwenye tairi imekaa mshazari. Mpira wake wa grisi, ile buti yenye mikunjo kama kinanda, unabanwa upande mmoja na kuvutwa upande mwingine kila mzunguko. Kuna siku nilikuwa nimeinama kuangalia breki nikaona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu kama mtu ameimwaga kwa kijiko. Buti ilikuwa imepasuka. Vumbi la barabara lilishaingia, na ndani ya mwezi mmoja gari lilianza kutoa kak-kak-kak kila nikikata kona. Jointi ya CV ilikuwa imekwisha.

Kabla ya hapo tairi za mbele zilishakula upande wa ndani. Ukinyanyua mbele, tairi hazisimami tena wima kama mwanzo na hazielekei mbele sawasawa; lazima alaimenti ifanywe siku hiyohiyo, na kwa baadhi ya magari bolti za kurekebishia hazifiki mbali vya kutosha, inabidi ubadilishe wishboni za juu. Gereji yangu haikuwa na mashine ya alaimenti. Walinyoosha kwa kamba na macho, wakaniambia, "Bosi, iko poa." Ikawa poa kwa wiki tano.

Wapo wanaokwepa kipande cha juu kwa kukiweka ndani, kati ya springi na kikombe chake, ili springi ikazwe zaidi. Hapo tatizo ni jingine: shokapu inakaa karibu na mwisho wa kurefuka kwake muda wote. Ukishuka tuta, tairi inataka kuning'inia chini haipati nafasi, unasikia mgongano wa chuma kwa chuma. Barabara zetu zenye matuta kila mlango wa kijiji zitakufundisha sauti hiyo haraka.

Njia ya heshima ni springi ndefu zaidi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili yake, zikachaguliwa kwa uzito halisi ulioko mbele. Hapa ndipo kuna watu ambao kwangu wana haki kamili ya kunyanyua. Mtu aliyefunga ngao ya chuma na winchi ameongeza mzigo unaokaribia kilo 100 mbele ya ekseli ya mbele, na hautoki kamwe. Pua yake imezama kweli. Anayefanya kazi ya utafiti porini, au gari la doria la hifadhi, bampa likigusa ukingo wa korongo kila siku, anahitaji pua iliyoinuka. Hao wanarudisha kimo kilichopotea au wananunua kazi. Jirani yangu hakuwa na ngao wala winchi, na korongo lake kubwa ni mfereji wa maji mbele ya geti.

Tuje kwenye tairi. Jambo linalosahaulika ni hili: kunyanyua mbele hakuongezi hata milimita moja chini ya difu ya nyuma. Ekseli iko palepale, kichwa cha difu kiko palepale, na katika njia yenye mgongo katikati kichwa hicho ndicho kinacholima. Kitu pekee kinachoinua ekseli ngumu ni tairi yenye kimo kikubwa zaidi. Kwa hiyo mwenye shida ya kukwama kwa tumbo anapaswa kuzungumza habari za tairi, na mwenye shida ya pua azungumze habari za springi. Ukiwachanganya hao wawili unamuuzia kila mmoja dawa ya mwenzake.

Hesabu ya tairi haihitaji fundi. Tairi ya Hilux nyingi za daraja la juu ni 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya tatu ni rimu kwa inchi. Ubavu wake ni milimita 172, mara mbili, jumlisha rimu ya milimita 432, unapata kimo cha milimita 776. Wengi wanatamani 285/70R17. Hiyo ina milimita 831. Tofauti ni 55, lakini difu inapanda nusu tu ya tofauti hiyo, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Yaani umenunua tairi nne, umesumbuka na kila kitu nitakachokieleza hapa chini, ukapata milimita 27. Unene wa vidole viwili vyembamba. Katika tope vidole viwili vinaweza kuwa tofauti ya kufika na kulala njiani, sikatai. Ila ujue unacholipia.

Katikati yake ipo 265/70R17, milimita 803. Inapandisha difu milimita 13, na kwa kawaida inaingia kwenye Hilux bila kugusa popote na bila kunyanyua chochote. Ile ya 285 ni habari nyingine. Ukikata usukani hadi mwisho inasugua plastiki ya ndani ya madigadi na kona ya nyuma karibu na kishikio cha bodi, na wapo wanaochukua msumeno wakakikata na kuchomelea upya. Watu wengine wanadhani kunyanyua mbele kunaondoa msuguano huo. Kunapunguza gari likiwa limetulia. Springi zikijikunja kwenye shimo tairi inarudi juu palepale, ikiwa imekata kona inasugua kama zamani. Rimu zinazotokeza nje ndizo zinazoharibu zaidi, kwa sababu tairi inazungukia mbali na mhimili wake na beringi inabebeshwa mzigo wa pembeni. Halafu kuna spea. Inaning'inia chini ya bodi nyuma, na kishikio chake kilipimiwa tairi ya kiwandani. Nimeona watu wenye tairi nne za 285 na spea ya 265, wakisahau kwamba siku ya pancha porini, tairi za kimo tofauti kwenye ekseli moja zitaifanya difu izunguke bila kupumzika, na ukifunga 4x4 kwenye ardhi kavu ndiyo umeiua.

Tairi ya 831 inazidi ya 776 kwa asilimia 7, na asilimia hiyo 7 inapenya kila mahali. Spidi mita ikisema 80, unakwenda 85 na ushee. Spidi mita za kiwandani huwa zinaongeza chumvi kidogo, kwa hiyo huenda ukajikuta unasoma ukweli kwa mara ya kwanza, lakini ile nafasi ya huruma uliyokuwa nayo mbele ya tochi ya trafiki kwenye kibao cha 50 imekwisha, na faini ni Sh 30,000 uwe umejua au hukujua. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu: gari likionyesha limekwenda 1,000, limekwenda 1,070. Wanaolalamika kwamba tairi kubwa zimeongeza ulaji wa mafuta, na kweli zinaongeza, wengi hawajazidisha kwanza. Sehemu ya ulaji wanaouona ni umbali ambao mita haikuuandika.

Gia zote pia zimerefuka kwa asilimia 7. Kwenye tambarare hutalijua hilo. Ukiwa unateremka Kitonga na viazi mgongoni utalijua. Mteremko ule kati ya Iringa na Mikumi ndio unaowatenga madereva na waendesha magari. Dereva anateremka kwa gia, injini inashika, breki anaigusa kwa kunusa tu. Tairi ikiwa kubwa, gia ya pili inashika kwa nguvu pungufu, kwa hiyo mguu unaenda kwenye breki mara nyingi zaidi. Na breki yenyewe, ambayo haikukua, sasa inashindana na gurudumu refu zaidi na zito zaidi. Tairi ya 285 iliyoimarishwa kwa ajili ya kazi nzito inaweza kuizidi ya kiwandani kwa zaidi ya kilo nane kila moja. Kilo hizo hazibebwi na springi. Zinarukaruka na ekseli kwenye kila shimo, na shokapu ndizo zinazolipa.

Waaustralia, ambao kwa miaka saba mfululizo, 2016 hadi 2022, waliinunua Hilux kuliko gari jingine lolote nchini mwao, wanaendesha maelfu ya kilomita porini, na hata huko kanuni za kurekebisha magari zinawekea kikomo kimo cha tairi na cha gari kabla ya mhandisi kuja kukagua. Kwa wenye uzoefu mkubwa namna hiyo kuwa waangalifu, mtu wa kwenda sokoni na kurudi anapaswa kutulia kidogo.

Na kabla ya kugusa chochote, kuna upepo. Kupunguza upepo hakuna gharama zaidi ya pampu. Tairi iliyotoka psi 35 ikashuka hadi psi 20 inalala, alama yake ardhini inarefuka, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Wale Waislandi wa Arctic Trucks walioandaa Hilux zilizokwenda kuelekea ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 2007, mbele ya kamera za kipindi cha Top Gear, walifunga tairi za inchi 38, na siri haikuwa kimo peke yake. Ni kwamba tairi kubwa hiyo inaweza kutolewa upepo karibu wote ikaelea kwenye theluji. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, hali yake ni tofauti: udongo unajaza nafasi kati ya meno hadi tairi inakuwa andazi. Hapo kinachosaidia ni meno yaliyoachana, yanayojisafisha, hata kama tairi ina kimo cha kiwandani. Ukirudi lami unajaza tena, na mwenye mzigo anajaza nyuma zaidi kama kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyoelekeza. Mwenye mzigo aangalie vilevile namba ya ubebaji ubavuni mwa tairi: 112 maana yake kilo 1,120 kwa kila tairi. Tairi ya sura ya kutisha yenye namba ndogo kuliko ya kiwandani ni urembo wa hatari.

Urembo nao una haki yake, sitaki kuwa mnafiki. Mtu amefanya kazi miaka mingi, amenunua gari, anataka limpendeze. Ningemwambia aweke 265/70R17 yenye meno ya wastani, abaki na rimu zake za kiwandani, aache pua ilivyo. Kuinama kidogo kwa pikapu tupu ni kama suruali ya fundi yenye mifuko mikubwa: inaonyesha iko tayari kwa kazi.

Jirani yangu alichukua 265/70R17. Fedha iliyobaki aliipeleka kwenye springi za nyuma, akaongeza chuma bapa kimoja kila upande ili mkia usizame sana na lumbesa, yaani mwinuko aliotaka kuuondoa aliuongeza kwa mkono wake. Gari tupu sasa linadonoa kuliko zamani. Juzi alipita akanirudishia futi yangu, akauliza kama namfahamu mtu anayetaka vile vipande vya chuma, maana yule fundi alikuwa ameshamuuzia. Nilimwonyesha ndoo iliyoko nyuma ya banda la kuku. Vyangu vimo humo, chini ya nati na bolti kuukuu, na bado havijapata mteja.